Majibu ya jeni yasiyoeleweka: pa kulipa na pa kufunga pochi

Umepima jeni za saratani. Umelipa, umesubiri wiki kadhaa, na majibu yamerudi hayasemi ndiyo wala hapana. Kwenye karatasi kuna herufi tatu, VUS, na maelezo kwamba limeonekana badiliko ambalo maana yake haijulikani bado. Ghafla kila mtu ana ushauri, na karibu kila ushauri una bei: rudia kipimo, ongeza jeni, pima watoto, toa titi. Usitoe hata senti kwa sasa. Kwa wengi wenye jibu la namna hii, hatua inayofaa ni ya bei ndogo au ya bure kabisa, na ile ya bei kubwa ndiyo mara nyingi haikupi kitu.

Ujue kwanza ulichonunua. Maabara huyapanga mabadiliko ya jeni katika makundi matano, kwa utaratibu uliotolewa na vyama vya wataalamu wa Marekani mwaka 2015: yenye madhara, yanayoelekea kuwa na madhara, yasiyojulikana, yanayoelekea kutokuwa na madhara, na yasiyo na madhara. "Yanayoelekea" hapo ni uhakika unaozidi asilimia 90. Lako limekaa katikati. Ni kama mgeni aliyeonekana mtaani: hajakutwa na kitu cha wizi, ila hakuna anayemfahamu.

Wengi husoma jibu hili kama hatari ya nusu kwa nusu. Sivyo. Mwaka 2018 jarida la JAMA lilichapisha hesabu za maabara moja kubwa ya Marekani iliyokuwa imepima watu zaidi ya milioni moja. Kati ya mabadiliko yasiyojulikana yaliyokuja kuamuliwa baadaye, takriban 91 katika kila 100 yalionekana hayana madhara au yanaelekea kutokuwa nayo. Yaliyopanda upande wa hatari yalikuwa kama 9. Kwa hao tisa, tunza karatasi yako. Kwa hao 91, usikimbilie kisu.

Nasema kisu kwa sababu hapo ndipo pesa na mwili huharibika pamoja. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2017 uliwauliza madaktari wa upasuaji wa saratani ya titi wanamtendeaje mgonjwa mwenye jibu lisilojulikana la BRCA (BRCA1 na BRCA2, jeni mbili zinazohusishwa na saratani ya titi na ovari). Kati ya robo na nusu yao walisema wanamtendea sawasawa na mwenye badiliko lenye madhara. Miongozo ya kitaalamu inakataa hivyo: jibu lisilojulikana lisibadilishe matibabu. Kinachoamua ni historia ya ugonjwa katika familia yako na umri wako. Basi daktari akikuonyesha VUS peke yake na kukupangia tarehe ya kutoa titi au ovari, muulize angekupangia nini kama kipimo hicho hakikufanyika. Jibu lake likiwa tofauti, tafuta daktari wa pili. Hiyo ada ya kumwona ina thamani yake.

Vilevile usichukue takwimu za watu wengine ukajipachika. Utasoma kwamba mwanamke mwenye badiliko la BRCA1 ana uwezekano wa 72 katika 100 wa kupata saratani ya titi kufikia umri wa miaka 80, na 44 katika 100 kwa saratani ya ovari. Namba hizo ni za kweli, zilichapishwa mwaka 2017, lakini ni za wenye mabadiliko yaliyothibitishwa kuwa na madhara. Wewe hujathibitishiwa.

Sasa jambo linalomhusu msomaji wa huku hasa. Kwa bei ileile, mtu wa asili ya Kiafrika hupata jibu lisilo wazi mara nyingi zaidi kuliko Mzungu. Sababu haiko mwilini mwake, iko kwenye kumbukumbu za maabara. Njia mojawapo kubwa ya kusafisha badiliko ni kuliona kwa watu wengi wenye afya njema, na hazina za data zimejaa watu wa asili ya Ulaya. Badiliko ambalo huenda ni la kawaida kabisa Tabora au Kakamega linaweza kufika California likaonekana geni. Wauzaji hawakuambii hili kabla ya kulipa. Wanapaswa kusema.

Hiyo haina maana kwamba vipimo hivi si vya Waafrika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwapima wanawake 1,136 wa Nigeria wenye saratani ya titi, na takriban 11 katika kila 100 walikuwa na badiliko lenye madhara la BRCA1 au BRCA2. Ni wengi. Kipimo kina kazi yake, ila ununue kwa macho.

Kama bado hujapima, hapa ndipo pa kuokoa pesa nyingi kuliko popote. Bei kwanza. Hadi mwaka 2013 kampuni moja ya Marekani ilishikilia hataza za jeni za BRCA na kuuza kipimo kwa zaidi ya dola 3,000. Angelina Jolie aliitaja bei hiyo alipoandika gazetini Mei mwaka huo kuhusu upasuaji wake. Juni 13, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba DNA ya asili haiwezi kuwekewa hataza. Ushindani ukaingia, na baada ya miaka michache zikaonekana bei za takriban dola 250 kwa anayelipa mwenyewe, tena kwa jeni nyingi kuliko zile mbili.

Kwa hiyo ukitajiwa dola 1,500 leo, uliza zinakwenda wapi. Dar es Salaam na Nairobi, sampuli nyingi za vipimo hivi husafirishwa kwenda maabara za nje. Ndani ya bei unayotajiwa kuna bei ya maabara, kuna usafirishaji, na kuna cha juu cha wakala. Omba mchanganuo kwa maandishi. Omba pia jina la maabara inayopima kweli, halafu tazama bei yake ya anayelipa mwenyewe. Tofauti ikiwa ndogo, lipa. Wakala naye anafanya kazi ya karatasi na vibali. Bei ikiwa mara tatu au nne ya ile ya maabara, una haki ya kuondoka.

Kisha chagua ukubwa wa kipimo. Kama ndugu yako ameshathibitishiwa badiliko lenye madhara, usinunue kipimo kikubwa bila sababu maalumu. Nunua cha badiliko hilo moja. Ndicho cha bei ndogo kuliko vyote, na jibu lake huja wazi: unalo au huna. Maabara kadhaa huwapima ndugu bure au kwa punguzo kubwa ndani ya muda maalumu, mara nyingi siku 90 tangu jibu la ndugu wa kwanza. Watu wengi hulipa bei kamili kwa sababu tu dada yao alinyamaza hadi muda ukapita.

Kama hakuna badiliko linalojulikana katika familia, wauzaji watakuvuta kwenye kipimo cha jeni 70 au 80. Hoja yao ni kwamba bei ni ileile, kwa nini uchukue kidogo? Hoja hiyo inavutia, na ndiyo mtego. Kila jeni inayoongezwa ni nafasi nyingine ya kurudi na VUS. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 wa watu zaidi ya milioni 1.6 waliopimwa magonjwa ya kurithi kwa ujumla, si saratani peke yake, ulikuta watu 41 katika kila 100 wana angalau badiliko moja lisilojulikana. Tena nyingi za jeni za ziada zimo kwenye orodha wakati hata badiliko lake baya halina mwongozo madhubuti wa nini ufanye. Ushauri wangu: chukua kipimo chenye jeni ambazo daktari anajua cha kufanya zikiwa mbovu. Kwa titi na ovari, BRCA1, BRCA2 na PALB2 ziwemo. Kwa utumbo mpana na mfuko wa uzazi, ziwemo MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Jeni 80 ziachie familia ambazo historia yake ina saratani za aina nyingi zisizoeleweka.

Vipo pia vipimo vya kutema mate nyumbani, vinavyouzwa mtandaoni pamoja na habari za asili ya mababu. Kwa saratani, mtu wa Afrika Mashariki aviache. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kampuni moja kutoa majibu ya BRCA moja kwa moja kwa mteja, lakini kwa mabadiliko matatu tu, yale yanayoonekana zaidi kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki. Mabadiliko ya BRCA yanayojulikana ni zaidi ya 1,000. "Huna" ya kipimo cha namna hiyo haimwambii mengi mtu wa Lindi, na "unalo" itabidi irudiwe kwenye maabara ya kitabibu. Unalipa mara mbili.

Na nani apimwe? Aliyeugua. Familia nyingi huchanga pesa kumpima binti mwenye afya, na shangazi aliyeugua titi akiwa na miaka 39 yupo hai, hajapimwa. Mpimeni shangazi. Kwake jibu lina uzito, na mkipata badiliko lenye madhara, wengine wote watapimwa kwa bei ndogo. Nasema shangazi kwa makusudi: jeni hizi hupitia kwa baba sawasawa na kwa mama, na fomu nyingi za familia zetu huishia upande wa mama.

Turudi kwako uliyekwisha kupata VUS. Njia zilizopo haziko sawa kwa bei wala kwa faida.

Ya kwanza ni bure. Kwenye ripoti, tafuta jina la jeni na alama inayoanza na herufi c. ikifuatiwa na namba na herufi. Nakili yote ilivyo, uiingize kwenye ClinVar, hazina ya wazi ya serikali ya Marekani ambapo maabara mbalimbali huweka uamuzi wao. Inafunguka hata kwa simu. Unaweza kukuta maabara nyingine tatu zimeshasema badiliko hilo halina madhara, na yako imechelewa kusasisha. Unaweza pia kukuta zinatofautiana. Vyovyote vile, piga picha ya ukurasa huo, umpelekee daktari, na uiandikie maabara yako kuiomba ipitie upya. Usijiamulie matibabu kwa ukurasa huo. Ni wa kuulizia maswali.

Ya pili ni kumlipa mshauri wa jenetiki kwa mazungumzo ya mara moja. Huku kwetu ni wachache mno, lakini wengi wa nje hufanya kazi kwa simu ya video, na maabara nyingine huweka mazungumzo hayo ndani ya bei ya kipimo. Angalia risiti kabla ya kulipa upya. Ukienda, nenda na mti wa familia ulioandikwa: nani aliugua, saratani ya wapi, akiwa na umri gani. Bila huo utalipa saa nzima ya mtu kukuuliza majina ya wajomba. Kati ya vyote vya kulipia, hiki ndicho ninachokiunga mkono bila kusita.

Ya tatu ni kupima ndugu. Hapa tahadhari. Kupima ndugu wa mwenye VUS husaidia pale tu inapoweza kuonyesha kama badiliko linafuatana na ugonjwa: wagonjwa wanalo, wazee wenye afya hawana. Baadhi ya maabara huwapima ndugu hao bure, maana data ni ya faida kwao pia, lakini huchagua familia zinazofaa. Waulize. Wakisema familia yenu haifai, kubali, usitoe pesa zako kuwapima ndugu wanne: mtapata karatasi nne zenye neno lilelile. Watoto wadogo msiwapime kabisa kwa sababu ya VUS.

Ya nne haitajwi sana, nayo ni nzuri. Kwa saratani ya utumbo mpana au mfuko wa uzazi, kipande cha uvimbe kilichotolewa kwenye upasuaji kinaweza kupimwa kuona kama protini za jeni zile nne za utumbo mpana (MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2) zipo au zimepotea. Ni kazi ya maabara ya patholojia, na kwa kawaida ni nafuu kuliko kuanza upya na jeni. Zikiwepo zote, shaka juu ya VUS yako inapungua. Ikikosekana moja, na ndiyo hiyo yenye VUS, daktari anachukua jambo kwa uzito zaidi. Uliza kama kipande chako bado kimehifadhiwa.

Kipimo cha RNA, yaani nakala ya kazi ya jeni, ni cha watu wachache. Kinafaa pale badiliko linaposhukiwa kuvuruga namna jeni inavyounganishwa, na kwa kawaida kinahitaji damu mpya kwenye chupa maalumu, si mate. Kwa aliye mbali na maabara, usafirishaji unaweza kuwa mzigo wenyewe. Usikinunue mpaka mshauri aseme badiliko lako ni la aina hiyo.

Kurudia kipimo kilekile kwenye maabara nyingine? Hapana. Herufi za jeni zitasomwa vilevile; kinachogombaniwa ni tafsiri, na tafsiri za maabara nyingine umeshaziona bure kwenye ClinVar. Kupakia data yako ghafi kwenye tovuti zinazoahidi kuifafanua kwa dola chache? Hapana tena, kwa sauti kubwa zaidi. Mwaka 2018 maabara moja ya kitabibu ilipima upya mabadiliko ambayo wateja waliyaona kwenye data ghafi ya vipimo vya nyumbani, na 40 katika kila 100 hayakuwepo kabisa. Hofu ya bei rahisi ndiyo ghali kuliko zote, maana inafuatiwa na vipimo vya kuiondoa.

Gharama zilizojificha ziko kwenye mkia. Bei ya kipimo hutangazwa. Ada ya daktari wa kukiagiza haitangazwi. Uliza nani analipia sampuli ikiharibika njiani. Uliza kama ripoti mpya, badiliko likiamuliwa upya, inalipiwa. Kisha kuna uchunguzi wa kila mwaka: MRI ya matiti Marekani ni mamia hadi maelfu ya dola, na ukianzishiwa kwa sababu ya VUS peke yake, bima inaweza kukataa, nayo itakuwa na hoja.

Bima ina sura tofauti kwa kila mahali. Mswahili aliye Marekani mwenye bima binafsi ajue kwamba bima nyingi zinatakiwa kisheria kulipia ushauri na kipimo cha BRCA kwa mwanamke ambaye historia ya familia yake inaonyesha hatari, bila yeye kuchangia. Aulize kabla ya kutoa kadi yake ya benki. Sheria ya mwaka 2008 inazuia bima ya afya na mwajiri kumbagua kwa jeni zake, lakini haigusi bima ya maisha. Kama unafikiria kununua bima ya maisha, inunue kabla ya kupima. Aliye Uingereza na kukidhi vigezo hupimwa bure na NHS, huduma ya afya ya umma, na asipovikidhi afikirie mara mbili kabla ya kwenda binafsi. Kwa Tanzania na Kenya, usikubali jibu la mdomo dirishani. Omba bima iandike kama inalipa, inalipa kiasi gani, na kama inalipia maabara ya nje.

Bidhaa hii inapaswa kudumu kwa miaka, maana badiliko huweza kuamuliwa muda mrefu baada ya kulipa. Hapo maabara hazilingani. Moja ya kubwa za Marekani iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2024 ikauzwa, na kampuni maarufu ya vipimo vya mate ikafuata mwaka 2025. Pakua ripoti kamili, si ukurasa wa mbele tu, iweke mahali pawili, na sasisha simu na barua pepe yako kwao. Halafu uwakumbushe: uliza kila mwaka au miaka miwili kama kuna jipya. Swali hilo halina bei.

Na kama pesa ni za kuchagua kimoja tu, historia ya familia ije mbele ya jeni. Mama au dada aliugua titi akiwa kijana? Ongea na daktari juu ya kuanza uchunguzi mapema. Wengi huhesabu miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu huyo aligunduliwa, kisha huchagua kati ya ultrasaundi, mammogramu na MRI kulingana na umri wako. Saratani nyingi za titi, 90 au zaidi katika kila 100, hazitokani na jeni moja ya kurithi. Ile ya mlango wa kizazi, inayoua wanawake wengi mno Tanzania, husababishwa na kirusi cha HPV, na uchunguzi wake unapatikana bure kwenye vituo vingi vya umma. Mwanamke ambaye hajawahi kuchunguzwa mlango wa kizazi asianze na kipimo cha jeni cha dola 250.

Kabla ya kulipa kipimo chochote cha jeni, itumie maabara ujumbe huu: "Mkibadilisha uamuzi wenu juu ya badiliko langu baada ya miaka mitano, mtanijulisha, na je, ni bure?" Wakikujibu ndiyo kwa maandishi, waweke kwenye orodha yako. Wakizungukazunguka, peleka pesa zako kwingine.